Mwalimu wa Chumvi Mbili

Mwalimu alikuwa hakubali mtu ataje figo kwa sauti ya huruma. Ukisema "maskini figo zake", alikukata hapo hapo. "Maskini gani? Hivyo viungo vina akili kuliko wewe na mimi," alikuwa akisema, na akishasema hivyo alikaa wima utadhani figo zote za mtaani amezizaa yeye. Katika mtaa wetu wa Sib, huku Oman, watoto wa shule walimwita Abla, kama waitwavyo walimu wa kike kwa Kiarabu, wazee walimwita Bi Mwalimu, na sisi tuliokaa kwenye majlisi yake kila Ijumaa baada ya Alasiri tulimwita Mwalimu tu. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu angenuna, maana kwake yeye jina la mtu ni la kuitiwa nyumbani, na kazi yake ndiyo ya kutajwa mbele za watu.

Alikuwa amefundisha bayolojia kwenye skuli ya wasichana mpaka akastaafu, kisha akakataa kustaafu. Ijumaa alikuwa akitandika mikeka, akichemsha chai ya tangawizi, na kumfundisha yeyote aliyekuja: kina mama wenye presha, mabinti wa chuo cha uuguzi, mara nyingine mwuguzi wa Kikenya aliyesikia habari zake kazini, na mimi niliyekuwa nikisomea ufamasia. Alifundisha kwa Kiswahili. Skulini alikuwa amefundisha kwa Kiarabu na vitabu vyake vingi vilikuwa vya Kiingereza, lakini aliamini kwamba hujakielewa kitu mpaka uweze kumweleza bibi yako, na bibi zetu walikuwa ni wa Kiswahili. "Kiswahili nnakijua, figo nnazijua," alisema. "Sasa kwa nini visikutane?"

Sheria yake ilikuwa moja: usimtajie jina la kitu kabla hujamwambia kinafanya nini. Siku moja alikuja binti mmoja wa uuguzi, safi, kitabu kwapani, akaanza kuporomosha. Renini, angiotensini ya kwanza, angiotensini ya pili, aldosteroni, yote kwa pumzi moja. Mwalimu alimwacha amalize. Akamjazia kikombe chai.

"Sasa hiyo aldosteroni ikishafika, inafanya nini?"

Binti akaanza upya kutoka renini.

"Basi mwanangu, umenisomea majina ya wageni wa harusi. Hujanambia nani anaoa."

Tulicheka, na yule binti akacheka mwishoni, lakini hakuondoka bila jibu. Mwalimu alitusimamisha sote akatupeleka jikoni kwake. Akafungua kabati la vyakula, akatuamuru tutoe kila kilichomo tukiweke chini: makopo, chupa za achari, mchele, iliki, mpaka rafu zikawa tupu. Alituambia hivyo ndivyo figo zinavyosafisha damu. Hazichomoi uchafu mmoja mmoja. Zinachuja karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye damu, maji na sukari na chumvi, vyote vinatoka, kisha zinarudisha vile mwili unavyovitaka. Tukaanza kurudisha. Tulipobakiwa na vitu vichache sakafuni, akanyanyua mkono.

"Simameni hapo. Chumvi karibu yote imesharudi. Hii kidogo ya mwisho ndiyo inayongoja amri. Irudi au itoke? Nani anaamua?"

Hapo ndipo nilipoelewa habari nzima, nikiwa nimeshika kopo la nyanya. Figo ikiona damu inayoifikia imepungua nguvu, au chumvi inayopita ndani yake imekuwa haba, inatoa renini. Renini inakata protini iliyotengenezwa na ini. Kile kipande kinageuzwa, zaidi kwenye mapafu, kinakuwa angiotensini ya pili, ambayo inabana mishipa ya damu na kwenda kuziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi zinatoa aldosteroni. Na aldosteroni inarudi kwenye figo na amri yake: rudisheni sodiamu, toeni potasiamu. Maji yanaifuata sodiamu, damu inajaa, presha inapanda mpaka mahali pake.

Alikuwa na majina yake mwenyewe. Sodiamu aliiita chumvi ya nje, kwa sababu nyingi yake inakaa nje ya seli, kwenye damu na majimaji ya mwili. Potasiamu aliiita chumvi ya ndani, kwa sababu karibu yote inakaa ndani ya seli. Ile kidogo inayoelea kwenye damu, alisema, haitaki mchezo, kwa sababu mapigo ya moyo yanaitegemea. Ikizidi hata kidogo, tezi hazingoji renini, zinatoa aldosteroni zenyewe ili figo ziitoe haraka. Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kwamba moyo nao una homoni yake. Damu ikijaa mno na moyo ukatanuka, unazipelekea figo habari ziachie sodiamu itoke. "Moyo nao una mdomo!" alikuwa akisema, na kila mara alisema kama aliyesikia habari hiyo asubuhi ile.

Asiyemjua angedhani mwanamke wa namna hii anakula chakula kisicho na ladha. Ijumaa mchana nyumba yake ilinuka papa mkavu mtaa mzima, na sahani yake haikukosa achari ya ndimu. Tukimtania, alijibu bila haya, "Leo nimezipa figo zangu kazi." Alisema figo nzima hazitaki kubembelezwa, ndiyo maana Mungu akaziwekea homoni zote hizo. Kisha dakika hiyo hiyo alimpokonya jirani mwenye presha kipande cha papa kutoka mkononi. Jirani alilalamika kwamba hiyo si haki. Mwalimu alikubali kwamba si haki, na papa hakumrudishia.

Simu yake ilikuwa vita. Mtu akituma kwenye kundi la mtaa ujumbe wa maji ya kitu fulani yanayosafisha figo, Mwalimu alirekodi sauti ya dakika saba. "Figo ndizo zinazosafisha! Nani kakwambieni zimekaa zinangoja bizari?" Mimi nilikuwa nikizisikiliza zile sauti mpaka mwisho. Wengine, nakiri, walizima baada ya dakika moja, na yeye alijua ni kina nani.

Niliwahi kufuatana naye Ghala, mtaa wa viwanda, kwenye gereji, gari lake lilipokuwa likivuja mafuta. Ilikuwa kiangazi, lile joto ambalo chuma huwezi kukigusa. Fundi mmoja Mkenya, mchomeleaji, alikuwa amekaa chini ukutani ameshika kichwa.

"Unaumwa, mwanangu?" Mwalimu akamwuliza.

"Si sana, Mama. Ni kizunguzungu tu na misuli inanivuta. Nimekunywa maji karibu jagi tatu na bado."

"Na chakula?"

"Nimekula mkate asubuhi. Hii jua imenimaliza hamu ya kula."

Mwalimu alinituma dukani kwa pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, zile wanazopewa watoto wenye kuharisha, na mtindi wenye chumvi. Akamwambia fundi ahamie kivulini, anywe polepole, na asirudi kwenye moto siku ile.

"Lakini Mama, mimi nilisikia chumvi ni mbaya, inaleta presha."

"Kwa aliyekaa ndani kwenye kiyoyozi akila chipsi, ndiyo. Wewe umeitoa kwa jasho tangu alfajiri. Figo zako zinaibana kila punje iliyobaki, na wewe unazimwagia maji matupu."

Kisha akamtafuta msimamizi na kumpa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tulirudi wiki iliyofuata kuchukua gari, tukakuta turubai la kivuli na dumu la maji ya chumvi na ndimu. Mwalimu alilipita kama hakuliona. Mimi niliona namna alivyotembea.

Hayo yote nayaeleza kwa raha. Hili linalofuata nalieleza kwa sababu bila hilo simjui na mimi sijijui.

Mama yangu alikuwa na presha ya miaka mingi, na daktari alishasema figo zake zimechoka kidogo. Kidonge alichokunywa kilikuwa cha ile aina inayozuia angiotensini ya pili isitengenezwe. Daktari akamwambia apunguze chumvi. Mama akaacha kula. Alikuwa akikaa mbele ya sahani akikizungusha chakula, akasema chakula bila chumvi ni cha maiti, akasukuma sahani. Mimi wakati ule nilikuwa nimeshaanza kazi kwenye duka la dawa, nina koti jeupe na jina kifuani. Nikaenda supamaketi kubwa nikamnunulia kopo la chumvi ya watu wa presha, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba sodiamu yake ni kidogo. Nikamwekea mezani, nikamwambia, "Mama, hii haina madhara. Tia utakavyo."

Mfamasia mzima nilisema hivyo. Mteja wa dukani angenunua kopo lile mbele yangu, ningemwuliza maswali manne kabla hajatoa pesa. Nyumbani sikuwa mfamasia, nilikuwa binti anayetaka mama yake ale.

Ramadhani ikaingia. Mama alirudiwa na hamu yake, akapika muhogo wa nazi na ndizi, akafuturu kwa tende nyingi na maji ya machungwa, na kopo halikumtoka mkononi. Wiki ya pili akaanza kulalamika miguu mizito. Tulisema ni saumu. Kwetu, kabla ya Maghrib, sahani zinavuka barabara: yetu inakwenda kwa Mwalimu, yake inakuja kwetu. Siku zote Mama alikuwa akiipeleka mwenyewe. Siku moja ya wiki ile alinipa mimi, akasema miguu inamkatalia.

Tulikuwa tumekwishafuturu na kusali, tumeanza kula, Mwalimu akaingia. Mkononi alikuwa na sahani yetu, na ndani yake muhogo wetu. Anayejua desturi zetu ataelewa kwa nini Mama alisimamisha kijiko. Sahani ya jirani hairudi tupu, sembuse kurudi na chakula kile kile.

"Mwalimu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia, "umenirudishia chakula changu?"

"Nisamehe, dada yangu. Umetia chumvi gani humu?"

"Chumvi ya mwanangu. Kaniletea yeye, ya wenye presha. Kwani mbaya?"

Mwalimu alinitazama. "Ilete."

Nikaleta kopo. Mwalimu alikuwa ameionja kwenye muhogo ile ladha chungu, kama ya chuma, ambayo nazi na ndimu viliificha kwangu mimi lakini si kwake yeye, aliyeijua tangu maabara ya skuli. Hakulisoma kopo. Alinirudishia.

"Soma wewe."

"Kloridi ya potasiamu," nikasema.

"Na kidonge cha mama kinafanya nini?"

Hakuniuliza jina lake. Nikajibu nikiwa nimesimama kama mtoto wa skuli. "Kinaikata ile amri. Aldosteroni inapungua. Potasiamu haitoki."

"Na figo?"

"Zimechoka."

"Mnasema nini nyinyi?" Mama akauliza. "Mnanitia khofu."

Mwalimu akapiga goti mbele ya kiti chake. "Miguu vipi?"

"Mizito. Na moyo tangu jana unarukaruka. Nnafikiri saumu."

"Vaa baibui, twende hospitali."

"Sasa hivi? Na Tarawehe?"

"Tarawehe ni sunna. Moyo wako faradhi. Inuka."

Mama hakuweza kuinuka. Tulimshika huku na huku mpaka garini. Mwalimu aliendesha, mimi nikakaa nyuma nimemshika Mama mkono, nikihesabu mapigo yake na kupotea, na kuhesabu tena.

Hospitali walimpima moyo kwa mashine, na daktari alipoiona ile karatasi hakungoja majibu ya damu. Walimpa sindano ya kalsiamu ya kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na maji ya sukari ili potasiamu irudi ndani ya seli. Nilijua kila kitu walichokuwa wakikifanya na sikuweza kufanya hata kimoja. Nililia pale pale kwenye korido. Nilidhani Mwalimu atanikumbatia. Aliniambia, "Usilie hapa, hapa watu wanafanya kazi," akanitoa nje, akanisimamisha penye upepo, na huko nje akakaa nami mpaka tukaitwa. Mama alikuwa ameshakaa kitako, anawauliza wauguzi kama daku wanampa nini.

Mama alipona. Mimi sikupona haraka. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea Mwalimu aisome, nafikiri nilitaka anizuie kwa maneno mazuri. Aliisoma yote.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Ijumaa utasomesha wewe."

"Nisomeshe nini?"

"Kopo."

Ijumaa ile majlisi ilijaa. Mama alikaa mbele kabisa. Nikaweka kopo na kisanduku cha vidonge katikati ya mkeka, nikawaeleza chumvi ya nje na chumvi ya ndani, amri inatoka wapi na kidonge kinaikatia wapi. Kisha nikawaambia nani alilinunua kopo na nini alimwambia mama yake. Mama akanyanyua mkono.

"Na mimi nilikuwa nnatia vijiko viwili!"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, na mimi pamoja nao. Jioni ile simu zikaanza. Huyu ana kopo kama lile, yule mama mkwe wake analo. Wanawake wakaja na makopo yao na dawa zao kwenye mifuko, nikakaa nao mmoja mmoja, nani anaweza kulitumia na nani amwone daktari kwanza. Mwalimu alikuwa akipitisha chai. Barua yangu sikuiona tena, na sikuiulizia.

Tangu hapo miaka imekwenda. Niliolewa, nikahama Sib, na sasa nasimamia duka la dawa upande mwingine wa mji. Mwalimu nilikuwa nikimwona kwenye harusi na maziko. Alikuwa amepungua, na anatembea kwa kuegemea ukuta pale ambapo kuna ukuta.

Mwezi uliopita aliingia dukani kwangu asubuhi. Palikuwa na foleni. Nilitoka nimpeleke mbele, akakataa. Nikamletea kiti, akakataa. Alisimama nyuma ya watu watano akingoja zamu yake, na ilipofika akaniwekea karatasi mbili: cheti cha dawa mpya ya presha, ya ile ile aina ya Mama, na majibu ya damu. Kazi ya figo zake ilikuwa imeshuka. Potasiamu ilikuwa juu ya pale inapotakiwa.

"Mwalimu, kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna."

Alijibu upesi mno. Nikamtazama namna alivyouegemea ubao wa kaunta.

"Magoti yako unayatuliza na nini?"

Akasema, chini chini, "Vidonge vya maumivu, vile vya uvimbe. Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na nani anakuuzia?"

"Nnakwenda Matrah."

"Matrah! Kwa nini usije kwangu?"

"Kwa sababu wewe ungeniuliza."

Nilipandwa na hasira ambayo sikuitegemea. Yeye, katika watu wote, alijua vidonge vile vinapunguza damu inayofika kwenye figo na papo hapo kuizuia renini isitoke, alijua potasiamu inabaki ndani, na alikuwa akipanda teksi mpaka Matrah ili asisikie mtu akimwambia. Nikainama nimwambie polepole, watu wasisikie.

"Sema kwa sauti," akasema. "Sikusikii."

Alikuwa akinisikia vizuri sana. Basi nikasema kwa sauti. Nikamwambia vidonge vile ni mwisho leo, hata kimoja. Nikamwambia dawa hii mpya simpi mpaka daktari wake ajue alichokuwa akikimeza. Nikampigia daktari mbele yake, na foleni nzima ikisikiliza. Daktari hakuwa ameambiwa. Akaisimamisha dawa ile, akataka damu ipimwe tena ndani ya siku chache, akasema magoti yapewe paracetamoli kwanza na waonane. Niliandika yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamtolea paracetamoli, nikamwambia atanipigia majibu yakitoka, na asiponipigia nitakuja Sib mwenyewe.

"Umenielewa, Mwalimu?"

"Nimekuelewa."

Nilikuwa nimemgombeza mbele za watu mwanamke ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimwogopa. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja. Alikunja karatasi akaitia mkobani, akajiweka sawa mpaka akasimama bila kushika kaunta, akawageukia waliokuwa nyuma yake.

"Akikuulizeni, mjibuni kweli," akawaambia. "Huyu nimemsomesha mimi."